Tafi Hajajibu

Tangi lenye umbo la panda alinikatia Mbaruk,
fundi vioo wa Kibokoni. Aliniuliza mara tatu:
"Samaki wa kula, au wa kuangalia?"
Nikamwambia, wa kuulizwa.
Akacheka, akapunguza mia mbili.

Swali lenyewe ni jepesi kulitamka.
Mkono mmoja wa panda, maji matupu.
Wa pili, maji alimolala tewa usiku kucha.
Tafi mchanga, urefu wa kidole cha shahada,
anawekwa kwenye shina. Naye achague.

Siku ya kwanza walikwenda kushoto wote.
Nikafurahi kama mjinga.
Kadzo akabadilisha mipira ya maji: kushoto.
Tukamwaga maji ya tewa, tukabaki na matupu: kushoto.
Kumbe dirisha lilikuwa kulia,
na jua la Tudor saa sita
halihitaji harufu kumfukuza mtu.

Tukaliziba kwa kanga kuukuu ya mamake Kadzo,
maandishi yakitazama ndani, kwa samaki:
NIULIZE MWENYEWE.

Siku ya pili walizunguka, wakarudi, wakazunguka.
Nikadondosha rangi ya keki nione maji yanakopita.
Mikono miwili ilishachanganyika zamani,
kama habari za arusi Mji wa Kale:
nani kasema, nani kaongeza,
huwezi tena kutenga.

Siku ya tatu walikimbia hata maji matupu.
Nilikaa juu ya ndoo nikiwaza
mpaka nikajinusa.
Udi.
Buibui, nywele, ncha za vidole;
jana yake nilikuwa kwenye kesha la binamu yangu,
na mkono ule ule
ndio uliowatilia maji.

Sasa naoga maji tu. Sabuni mwiko, mafuta mwiko.
Mama hunipokea mlangoni, akakunja uso:
"Mbona hunukii? Hata kunuka hunuki."
Yeye pua yake haijawahi kumdanganya.
Alijua homa yangu kabla ya kipimajoto,
alijua siku niliyotoroka shule
kwa chumvi iliyokauka kwenye sketi.
Hakuniweka kwenye panda. Alinikumbatia tu,
akajua.

Leo tafi ishirini.
Kumi na mmoja walimkimbia tewa,
wanne walimfuata.
Watano hawakusogea.

Daftari lina safu ya kulia na safu ya kushoto.
Halina safu ya aliyetulia, anapumua.
Hakunusa?
Alinusa, akaganda, kama tulivyoganda sisi
mlango ulipogongwa usiku wa manane?
Au amechoka tu: kuvuliwa, kubebwa kwenye ndoo,
kuhojiwa na mtu asiye na harufu?

Nimechora mstari wa tatu kwa rula.
Juu yake sijaandika neno.
Kadzo anasubiri, kalamu mdomoni.
Chini ya kanga
tafi anafungua kinywa,
anafunga.