Kondo

Saa kumi na moja alfajiri, Ibra.
Kiyoyozi kinanguruma kama ng'ombe mgonjwa
nami nimepiga magoti chooni, paji la uso kwenye kigae,
natoa nyongo, maana la kutoa jingine halipo.
Jana nilitapika tende. Juzi, maji.
Wiki iliyopita nilitapika harufu,
harufu tupu, ya papa mkavu
aliyekuwa akipikwa nyumba ya tatu.

Moyo umenichafuka, ndivyo tusemavyo.
Hata mimi nilimwambia daktari hivyo,
mimi ninayeshinda maabara nikizungusha damu za watu,
nijuaye kuwa moyo hauna kosa,
moyo uko kazini, safi kama sahani.
Tumbo nalo halina kosa, ingawa limelegea,
chakula kinalala humo kama mgeni asiyeaga.

Mwenye kosa hajafika ukubwa wa limau.
Kondo.
Wahenga walitupa neno moja
kwa nyama imlishayo mtoto tumboni
na kwa vita.
Halijamaliza hata kujijenga,
tayari linatuma barua kwenye damu yangu,
adhuhuri barua, usiku wa manane barua:
homoni ya herufi tatu na namba kumi na tano,
jina la chumba cha hoteli, si jina la adui.
Inapanda hadi kisogoni, kwenye shina la ubongo,
penye kidirisha ambacho damu haikufungiwa,
inagonga.
Na bawabu wa humo ndani,
aliyewekwa tangu zamani atulinde na sumu,
hajui kusoma.
Anapiga kelele: Toa! Toa!

Bi Shinuna, mama wa mume wangu, kazaa saba.
Hakutapika hata mara moja, husema,
akipitisha chetezo chumba kwa chumba.
"Nyinyi wa siku hizi mmelelewa kwenye friji."

Siku moja nilimjibu, sauti ikinitetemeka:
Mama, tazama chetezo chako.
Umeishi ndani ya moshi huu, huusikii tena.
Mgeni hukohoa akiwa bado mlangoni.
Damu nayo ndiyo hivyo.
Mwili uliozoea chembe za homoni ile
miaka yote kabla ya mimba
hupokea mafuriko yake bila kushtuka sana.
Wangu ulikuwa nyumba isiyofukizwa.
Si deko, si jicho, si kumchukia mwanao,
ingawa mwanao, na udi wake shingoni,
ataendelea kulala sebuleni.

Hakucheka. Chai yake ilipoa.
Kisha, kama anayezungumza na kikombe:
"Saba ni waliozaliwa. Kulikuwa na wa kwanza.
Huyo alinitapisha, Tabora, kabla hatujapanda ndege,
nikabaki mifupa.
Nikanyweshwa makombe, nikafungwa hirizi,
wakasema nafsi yangu haimtaki mtoto.
Alipotoka,
niliwaamini."

Maabara yetu haina kipimo cha miaka hamsini.
Kwa nini mtoto yule alitoka, sijui,
na sikujifanya najua.
Nilimwambia kidogo nilichokuwa nacho:
mwili wako haukusema simtaki, Mama.
Ulisikia tu barua zake
kwa sauti kubwa mno.

Leo chetezo kiko nje, ukutani, karibu na gari,
majivu yake baridi.
Nasikia kandambili zake nyuma yangu,
halafu mkono wake, mkavu, unakusanya nywele zangu
kabla hazijaingia ndani ya sinki.
"Ile namba," anauliza, "ngapi vile?"
Kumi na tano.
"Kumi na tano," anarudia polepole,
kama mtu anayetajiwa jina la mkwe mpya,
na mimi, kabla sijamjibu neno,
natapika tena.