Goma

Kwa Kijapani, goma ni ufuta:
madoa meusi kwenye manyoya meupe
ya paka wa Bi Fumie.
Mimi, mpangaji wa juu, nilicheka peke yangu.
Kwetu hiyo ni amri,
na paka anaitii.

"Goma, shuka mezani."
Sikio moja lageuka. Mwili hauna habari.
"Goma, daktari..."
Yuko uvunguni, neno halijaisha.

Jana, theluji ya Otaru ikiziba dirisha,
simu ililia. Bi Fumie akasema,
"Ndiyo. Ndiyo. Asante sana,"
akarudi kuosha bakuli lililokwisha oshwa.
Mimi, mwenye cheti cha lugha ukutani,
nikadhani ni watu wa gesi.

Goma akatoka uvunguni bila kuitwa,
akamlalia miguuni,
akagoma kuondoka.