Fundi wa Nguzo Aonyeshwa Jicho Lake

Nilikwenda kutafuta miwani.
Miwani tu, maana fumbo la maneno la Jumamosi
limeanza kula herufi zake,
nami si mtu wa kuvumilia herufi zinazotoroka.

Daktari Virpi, mjukuu wa Hyvönen wa kiwanda cha mbao,
akanitia matone. Mboni zikafunguka kama milango ya ghala,
theluji ya Aprili ikanivamia kupitia dirishani, yote kwa mkupuo.
"Weka kidevu hapa, Tauno. Usipepese."
Mmweko mmoja. Kisha mwingine.

Kwenye skrini nikaona mwezi mwekundu,
na juu ya mwezi, mito.
"Ndilo jicho lako, upande wa nyuma.
Hapa peke yake mwilini naiona mishipa ya damu
bila kumpasua mtu."

Mbona ile inameta?
"Ukuta wake umenenepa. Mwanga ukigonga, unarudi na rangi.
Sisi huiita waya wa shaba."

Waya wa shaba!
Miaka thelathini na mitatu nimepanda nguzo za Kainuu,
kucha za chuma butini, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
mate yakiganda kabla ya kufika chini,
kumbe nilikuwa navuta laini nyingine
ndani ya kichwa changu mwenyewe,
bila kibali, bila ramani.

"Na hapa," kidole chake kikasogea,
"ateri inapita juu ya vena, inaibana.
Ona vena inavyokonda, kama imekatika,
halafu inaanza tena ng'ambo."
Hilo sikuhitaji kufafanuliwa.
Nyaya zikipishana na ya juu ikalegea, ya chini hulipa.
Kalervo alitufunza hilo. Tulimzika Jumanne.

"Vidoa hivi vyeupe, kama pamba, ni sehemu zilizokosa damu.
Michirizi hii, kama ndimi za moto, ni damu iliyovuja."
Pamba na moto, nikasema, havikai chumba kimoja.
Hakucheka.
"Ikiwa machoni ni hivi, Tauno, basi kwenye figo, moyoni, ubongoni...
huko tu sina dirisha."

Akanifunga mkono kwa mkanda wa presha.
Mia na tisini na nane, juu ya mia na kumi na mbili.
Kichwa kinauma? Hapana. Kizunguzungu? Hapana.
Ndilo lililonikera:
mzigo wote huo upite kwenye laini mwaka hadi mwaka
na balbu isipepese hata mara moja.

"Zile dawa za Oktoba, ulimeza?"
Nikatazama theluji.
Zimo kwenye droo ya Helmi, pamoja na sindano zake za kufuma,
mahali nisipofungua.

Akauliza nala nini. Nikasema kweli:
muikku, visamaki vya ziwani, pipa zima kila vuli,
jinsi Helmi alivyowapanga, kichwa kwa mkia,
chumvi mpaka mkono ufe ganzi.
Kupunguza hata kiganja kimoja
ningeona namsahihisha marehemu.

Nikaomba picha. Akaichapa.
Ndani ya basi nikailaza mapajani, uso chini,
kama karata ambayo sijaamua kuicheza.
Mboni zingali wazi, nguzo zikapita zikiwaka pembeni;
nikazihesabu kwa mazoea: hamsini na moja hadi njia panda.
Nyingi ni zangu.

Nyumbani sikugusa droo.
Nilitoa samaki kumi na wawili pipani, nikawalowesha beseni.
Nikamwaga maji, nikatia mengine.
Usiku wa manane nikaamka, nikamwaga tena.
Alfajiri, baada ya maji ya tatu, nikaonja.

Hawana ladha kabisa, Helmi.

Nikawala wote, nimesimama,
kisha nikaenda kuvuta ile droo.
Imekwama kidogo.
Mbao huvimba, barafu inapoyeyuka.