Chungu Kipya

Mama hakunielewa mpaka nilipotaja kifumbu.
Akaacha kukuna nazi. "Kumbe wachuja tu, Mize?
Miaka yote hiyo Unguja ulikwenda somea kuchuja?"
Ndiyo, Mama. Kuchuja tu.

Ila ukili wangu hauonekani.
Unatoka kwenye ncha ya sindano, umeme unauvuta,
unayumba hewani kama uzi wa buibui aliyelewa,
unatua juu ya foili.
Chukua unywele mmoja wa kichwani mwangu,
upasue mara mia tatu: huenda ukaupata.

Wiki ya kwanza, kisimani Kiuyu,
maji yalipita kama yaliyoitwa.
Wiki ya pili yalipita kwa kubembelezwa.
Ya tatu, Hamadi Faki aliulalia mpini wa pampu
kwa tumbo lake lote,
na maji yakagoma.

Nikalifungua chujio. Utando wangu umeota utando:
ute wa kijani, utelezi wa ndoo isiyosuguliwa,
vijidudu vimehamia, vimeoana, vina wajukuu.

Kosa ni langu, nalisema.
Niliufuma kwa uzi usiopenda maji.
Niliwaza jani la jimbi, tone linavyobiringika
na kuliacha kavu; nikajiambia
kinachokataa maji kitakataa na taka.
Lo! Taka nazo haziyapendi maji.
Zilipougusa uzi wangu
zilikuwa zimefika kwa ndugu yao.

Jioni ile Mama kanunua chungu, hakukipika.
Kakizamisha kwenye beseni, kakiacha kikitoa mapovu
pu, pu, pu, mpaka kikanyamaza.
"Chungu kipya ukikitia mchuzi kikavu
kitaunywa, kitanuka samaki hadi kivunjike.
Kishibishe maji kwanza.
Kilichoshiba hakidokoi."

Sikumaliza kula.

Nilirudi kwenye nyuzi nikazivika uji mwembamba,
uji wa maganda ya kaa, unaoyapenda maji
kupita kiasi, unaoyakumbatia usiwaachie wengine nafasi.
Sasa taka ikija inakuta kila jamvi limekaliwa,
maji bega kwa bega na maji,
nayo inasimama mlangoni kama mchelewaji wa arusi
hadi suuza moja inapoisukuma ikenda zake.

Leo ni wiki ya kumi na moja.
Hamadi anapiga pampu kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika muhogo.
Nimepiga magoti nikaupapasa utando:
si safi kabisa, pembeni pana doa,
nimeliandika kwenye daftari na tarehe yake.

Nikampelekea Mama gilasi.
Akainua, akatazama, akanywa, akakunja uso.
"Kifumbu chako kimesahau chumvi."

Hakikusahau, Mama. Chumvi ni ndogo mno, inapenya.
Hiyo inataka nyuzi nyingine,
na chungu kingine, na jioni nyingine
ya kuacha wali upoe.