Viti Saba

Kitabu nilikinunua dola mbili
kwenye gulio la kanisa, hapa Erie.
Jalada limeng'oka. Aliyekuwa nacho kabla yangu
amejibu kwa penseli hadi ukurasa wa arobaini,
kisha akakata tamaa, au akafaulu.
Ushahidi uliopo hautoshi kuamua.

Saa nane za usiku. Ziwa linamwaga theluji
juu ya magari ya sisi wa zamu.
Nimebadilisha shuka tatu, nimemnywesha maji Bwana Lisowski,
sasa nina dakika ishirini na penseli.

Watu saba, viti saba, mstari mmoja.
F hakai kando ya G.
H akiwa mwisho, J huwa katikati.
Ni lipi kati ya haya lazima liwe kweli?

Kitabu kina neno moja tu la sharti, linarudi, linarudi.
Mimi nililelewa na mengi:
*-ki-* ni mlango uliorudishwa bila komeo,
*-nge-* ni dirisha, unaona ndani lakini halifunguki,
*-ngali-* ni nyumba iliyokwisha kuuzwa.
Nikipita, nitasoma sheria.
Ningekuwa na usingizi wa kutosha, ningepita.
Ningalianza nilipokuwa na miaka ishirini na mbili
(hiyo siimalizii).

Dalili ya mvua ni mawingu, alikuwa akisema mama.
Nachora mshale pembeni: mvua, basi mawingu.
Geuza na ukanushe: hakuna mawingu, basi hakuna mvua.
Ila usigeuze nusu tu,
usiseme mawingu, basi mvua;
hapo ndipo wanapotega, na nimenaswa mara sita.
Mama hakukosea. Alisema dalili, hakusema hakika.
Miaka yote nimeibeba methali ile kama mzigo wa mtu mwingine,
usiku huu nimeipandisha kwenye mizani.
Imepita.

Jana Mwandoe, mtoto wa kaka yangu, alinipigia kutoka Pittsburgh:
"Shangazi, maswali ya viti yalifutwa.
Hayatahiniwi tena. Hicho kitabu ni cha zamani."
Nikamwambia najua.
Sikuwa najua.

Lakini saa kumi na moja jioni, nikiwa zamu ya mchana,
nani hupanga meza ya dirishani?
Bwana Lisowski hakai kando ya Bi Halina
tangu ugomvi wa redio, mwaka wa nne sasa.
Kiti cha magurudumu lazima kiwe pembeni.
Bi Orpha akikaa karibu na mlango, huondoka.
Dada wawili wa Buffalo wawe pamoja, au wasile.
Mwenye sikio moja awe kushoto kwa mwenye sauti.
Na supu inapoa.
Nimelitatua swali hili jioni mia tano
bila penseli, bila mtu kunipa alama.

Bi Halina alifariki Jumanne.
Watu sita, viti saba.
Nimetafuta kitabuni, hakuna swali la namna hiyo.
Kiti kitupu hakina masharti, kwa hiyo, kimantiki,
yeyote angeweza kukikalia.
Hakuna anayekikalia.
Na Bwana Lisowski, F wangu, mkaidi wangu,
jana alisukuma sahani yake taratibu,
akasogeza kiti chake hatua kwa hatua
mpaka kando ya pale asipokuwepo.

Kutokana na maelezo hayo, ni lipi linaweza kuhitimishwa?
Kwamba alimpenda? Hapana, huo ni mruko.
Kwamba anajuta? Haijathibitishwa.
Kwamba alisogea.
Hilo tu.

Kengele ya chumba cha tisa inalia.
Nafungua kurasa za nyuma kabla sijainuka:
jibu ni la nne. Mimi nilitia alama la pili.
Nafuta, unga wa kifutio unabaki kwenye sare.
Nikirudi, naanza upya na F.