Mshika Kamba

Ndimi niliyeshika kamba.
Miaka kumi na tisa, Sikolia akishuka,
mimi juu, visigino vimezama udongoni,
nikisikiliza sururu yake ikigonga
kama moyo wa mtu mwingine.

Hakuna shimo katika wadi hii asilolijua kwa mgongo:
kwa akina Simiyu, futi arobaini, maji matamu;
nyuma ya kanisa la Marafiki, jabali, tukaacha,
hatukulipwa;
kwa mwalimu Wamocho, chura mmoja mweupe
aliyetutazama kana kwamba sisi ndio tuliopotea.

Basi siku karani alipobandika orodha
ukutani pale Chwele,
visima kumi na vinne, vyote vimekamilika,
watu walisoma wakapita.
Sikolia alisoma, akarudi mwanzo,
kidole chake kikiacha alama nyekundu kwenye karatasi.
"Hiki sikukichimba. Wala hiki.
Na hapa pana mahindi. Nilipita jana."
Milioni nne na laki mbili, kila kimoja.
Sisi hulipwa kwa futi, na chai.

Sikumshauri agombee. Nilimwambia, ndugu yangu,
siasa ina mdomo mpana kuliko kisima chochote,
na huko nani atakushikia kamba?
Akacheka. Akauza yule ng'ombe wa pembe moja.
Nasambu mkewe akanuna siku nne,
ya tano akatoka na daftari, boma kwa boma,
kukusanya sahihi.

Chama hana, gari hana.
Alama yake, ndoo.
"Ndoo!" wakashangilia wapinzani. "Tutaitoboa!"
Jukwaani hakujua kupaza sauti;
aliyezoea kusema akiwa chini huongea polepole,
akingoja mwangwi.
Aliwasha koroboi mchana kweupe, akasema tu:
"Kabla sijashuka, hii hutangulia.
Ikizimika, hewa ni mbaya, hashuki mtu.
Nataka kuishusha mle ofisini. Basi."
Akaketi. Wauza omena wakapiga vigelegele
hadi spika ya jirani ikakosa la kusema.

Usiku wa mwisho vijana wa Mheshimiwa walipita na bahasha.
Nitasema kweli, hata kama hamjaniuliza:
yangu ilikuwa na mia tano.
Niliichukua. Nikanunua unga na sabuni.
Asubuhi nikapiga kura niliyokwisha kuipiga moyoni,
lakini mkono ulinukia ile sabuni.

Mia sita na kumi na moja. Hizo ndizo zake.
Za Mheshimiwa zilihesabiwa kwa taa ya simu
hadi saa tisa za usiku,
zikawa nyingi, zikawa nyingi mno,
katika kituo kimoja zikapita hata watu.
Nasambu, wakala, hakuitia sahihi fomu hiyo.
Aliirudisha kalamu mezani taratibu
kama mtu anayerudisha yai kiotani.

Nilidhani Sikolia atajifungia wiki nzima.
Jumatatu nikamwona na sururu begani.
"Nani ametuita?"
"Orodha."
Tukaenda kwenye lile shamba la mahindi, namba saba.
Mjane wa Khaoya, mwenye shamba,
alikuwa keshang'oa mistari miwili,
mahindi yakiwa mabichi, akatuonyesha kwa kidevu: hapo.
Malipo hatukuyataja.
Watu walikuja kutazama. Wengine wakavua viatu.
Mmoja alivaa fulana yenye sura ya Mheshimiwa,
mpya, mikunjo ya dukani ingalipo,
akachota udongo nayo.

Leo tumefika futi thelathini na mbili.
Bado mkavu. Jana koroboi ilisitasita,
ikayumba, ikasimama.
Kamba nimeizungusha kiunoni mara mbili.
Yuko chini, anagonga, ananiamini.
Ile mia tano
bado sijamwambia.