Farasi Wangu, Mnara Wako

Pelotas, mwezi wa Julai, baridi ya kupenya soksi mbili.
Baba aliniletea mashine nyeupe
kwa malipo ya miezi kumi na miwili,
na tangu siku ile nyama ikawa ya Jumapili tu.
Ng'ambo ya ukuta, Ubirajara akapewa nyeusi
na mjomba aliyevuka mpaka kutoka Uruguai
akiwa ameiviringisha ndani ya blanketi.

Kaseti ya kwake haikuingia kwangu.
Tulijaribu. Tulikwangua kingo kwa kisu cha siagi,
tukapuliza vumbi, tukasukuma hadi plastiki ikalia.

Basi tukahesabu.
Daftari la hisabati, mstari katikati,
kushoto zangu, kulia zake.
Mimi kumi na moja, yeye tisa,
lakini mbili zangu ni za mpira, refa yuleyule, nyasi zilezile;
akasema hizo zihesabiwe moja.
Yeye alikuwa na ile ya wauza samaki wanaopigana gatini.
Mimi nilikuwa na treni ipitayo chini ya barafu.
Nikajipa alama tano kwa muziki.
Akazifuta kwa mate na kidole.

Usiku tukarushiana juu ya ukuta:

*Mwenye mashine nyeusi, kaseti zako ni ngapi?*
*Zina ngumi na matusi, hadithi yenyewe wapi?*
*Ninaye wangu farasi, anaruka, wako yupi?*
*Chako ukiite kipi, kisanduku cha kelele?*

Naye, mafua yamembana pua:

*Mwenye nyeupe sikia, wako farasi ni punda,*
*Mnara ninaingia, ngazi mia za kupanda,*
*Kuna joka lanitia jasho kabla ya kushinda,*
*Farasi wako kakonda, endelea na kelele.*

Dona Eulália wa duka la kukodisha
alikuwa nazo zote mbili, runinga mbili,
saa moja kwa bei ya mikate minne.
Tulimwendea atuamulie.
Alivuta chai yake chungu kutoka kwenye kibuyu,
akatutazama, akasema bora ni ile iliyokwisha kulipiwa.
Mimi nilinyamaza. Yetu ilibaki miezi saba.

Mnara ule sikuucheza. Nilisimuliwa.
Kila jioni aliniletea ngazi kadhaa,
mimi nikichora nyuma ya daftari:
popo wa ngazi ya arobaini, mlinzi asiye na kichwa,
na kule juu kabisa, nyuma ya mlango wa shaba,
bahari ambamo theluji haianguki, inapanda.
Nilimwonea wivu wa theluji ile
kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote chochote.
Kwa hiyo nami nikamlipa:
nilimwambia farasi wangu, mwishoni,
husimama, hugeuka, hulitamka jina lako.

Sasa nina miaka arobaini na minne,
na kifaa kimoja chembamba kinacholala juu ya kabati
kimezimeza zote, nyeusi na nyeupe,
kwa bei ya kahawa na andazi.
Wiki iliyopita nilipanda ngazi mia.
Popo hakuna. Mlinzi ana kichwa, tena kikubwa.
Nyuma ya mlango wa shaba
kuna orodha ya majina ya waliotengeneza mchezo,
kisha neno asante, kisha giza.
Nilikaa na giza lile hadi chai ikapoa.
Mwongo yule hakuwahi hata kufika ngazi ya hamsini.

Nikampigia simu, yuko Caxias, anauza matairi.
Kabla sijafungua mdomo akaniwahi:
"Iolanda, farasi wako nimempata. Nimemaliza mara tatu.
Hasemi kitu."

Nilisikia mvua ya kwake ikipiga bati.
Daftari lile sijui nani alilichoma.
"Hujampa chumvi," nikamwambia.

Kimya.

"Chumvi iko wapi?"